Kitako cha Sanamu: Jinsi ya Kusimamisha Sanamu Ndogo za Mafunzo

Finyanga mtu mdogo wa udongo. Mpe kichwa, mikono na miguu miwili. Kisha msimamishe mezani. Ataanguka. Msimamishe tena. Ataanguka tena. Ukimfinyanga mwanamke mwenye ndoo kichwani, ataanguka upesi zaidi.

Ubaya hauko kichwani wala mikononi. Ubaya uko chini. Mtu huyo hana kitako.

Kitako ni nini? Chungu kina kitako. Kikapu kina kitako. Kitako ni sehemu ya chini. Ndiyo inayokaa juu ya ardhi na kubeba uzito wote. Katika somo hili tutajifunza kutengeneza vitako vya sanamu ndogo. Kisha tutazitumia sanamu hizo darasani kwa jambo kubwa. Tutaona jinsi ugonjwa wa kichocho unavyotupata hapa ziwani, na jinsi ya kuukatia njia.

1. SANAMU NDOGO SI JAMBO GENI

Watoto wachungaji hufinyanga ng'ombe wa udongo. Huwapanga katika zizi la vijiti. Huu ni mchezo, lakini pia ni elimu. Mtoto anajifunza kuhesabu ng'ombe na kutambua dume na jike.

Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma. Navyo ni Bagika na Bagalu. Vyama hivi hushindana kwa kucheza, na kila upande hutaka kuvuta watazamaji wengi. Tangu zamani wachezaji wametumia pia sanamu za mbao ili kuvuta watu. Ukitaka kujua zaidi habari za ngoma hizo, nenda Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na Kisesa. Makumbusho hayo yalianzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement.

Watu wa nchi nyingine nao wana sanamu zao. Mwaka 1824 jeshi la Prussia, katika Ujerumani ya zamani, lilianza kufundisha maofisa wake kwa mchezo wa vita. Walitumia ramani na vipande vidogo vilivyokuwa mfano wa vikosi. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kuhusu kucheza vita kwa askari wadogo wa sanamu. Hata leo wako watu wengi Ulaya na Marekani wanaopenda mchezo huo. Sanamu zao nyingi ni fupi kuliko kidole. Kila sanamu hubandikwa juu ya kitako. Kitako hicho hupambwa kwa mchanga, mawe madogo na majani, mpaka kikafanana na ardhi ya kweli.

Sisi tuna vita vyetu. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, tulitaja maadui watatu. Maadui hao ni ujinga, maradhi na umaskini. Basi ufundi ule wa kupanga askari mezani unaweza kutufaa katika kupigana na maradhi.

2. KAZI TATU ZA KITAKO

Kitako kina kazi tatu. Zishike vizuri, maana somo lote limejengwa juu yake.

Kazi ya kwanza ni kusimamisha. Kitako kinaizuia sanamu isianguke.

Kazi ya pili ni kuonyesha mahali. Kitako chenye mchanga kinasema, "Mtu huyu yuko ufukweni." Kitako chenye udongo mweusi kinasema, "Mtu huyu yuko mbugani."

Kazi ya tatu ni kubeba jina. Sanamu haina nafasi ya kuandika, lakini kitako kinayo. Hapo wewe uliyejifunza kusoma na kuandika utatumia elimu yako.

3. KWA NINI SANAMU HUANGUKA

Simama wima. Bana miguu yako pamoja. Mwambie mwenzako akusukume kidogo begani. Utayumba. Sasa panua miguu, kisha akusukume tena. Safari hii utasimama imara. Hukuongeza nguvu. Umepanua kitako chako tu.

Sababu ni hii. Uzito wa kitu huvuta kwenda chini. Ukivuta katikati ya kitako, kitu husimama. Ukivuta nje ya kitako, kitu huanguka. Kwa hiyo kitako kipana ni bora kuliko kitako chembamba. Na uzito ulio chini ni bora kuliko uzito ulio juu. Wavuvi wanajua jambo hili. Mzigo mzito huwekwa chini ndani ya mtumbwi. Watu wote wakisimama, mtumbwi huanza kuyumba.

Tazama pia Jiwe la Bismarck pale Mwanza mjini. Jiwe hilo limesimama ziwani juu ya mawe mengine. Mgeni akiliona hudhani litaanguka leo. Lakini uzito wake unashuka juu ya mawe yaliyo chini yake, wala hauendi pembeni. Kwa hiyo mawimbi hupiga, upepo huvuma, nalo limesimama.

Kwa sanamu zetu tutatumia kanuni rahisi. Upana wa kitako uwe nusu ya urefu wa sanamu, au zaidi. Sanamu yenye urefu wa sentimeta 5 ipate kitako chenye upana wa sentimeta 3. Mwanamke mwenye ndoo kichwani ana uzito juu. Yeye apate kitako cha sentimeta 4.

4. VIPIMO

Kabla ya kufinyanga, patana na wenzako juu ya vipimo. Kama kila mtu atafinyanga apendavyo, mbuzi wa mmoja atakuwa mkubwa kuliko nyumba ya mwingine. Watu watacheka, na somo litapotea.

Vipimo hivi vinafaa:

Mtu mzima: urefu sentimeta 5.
Mtoto: urefu sentimeta 3.
Ng'ombe: urefu sentimeta 4.
Mlango wa nyumba: urefu sentimeta 6.
Mtumbwi: urefu sentimeta 20.

Chukua kijiti. Kitie alama kwa kisu kila sentimeta moja. Hicho ndicho kipimo cha darasa lenu.

5. AINA TATU ZA KITAKO

(a) Kitako cha udongo

Hiki ndicho rahisi, maana hakina gharama. Tafuta udongo wa mfinyanzi, ule ambao akina mama hufinyangia vyungu. Ondoa mawe na mizizi. Ponda vizuri. Changanya na mchanga laini kidogo, au vigae vya chungu vilivyosagwa. Ukitumia udongo mtupu, utapasuka unapokauka.

Tengeneza sanamu na kitako siku moja, kwa udongo ule ule. Kama sanamu imekauka na kitako kingali kibichi, havitashikana. Udongo hupungua ukubwa unapokauka. Kimoja kikipungua na kingine kisipopungua, mahali pa kuungana hupasuka.

Kuunganisha kuna hatua zake:

Kwanza, kwaruza chini ya miguu ya sanamu kwa kijiti.
Pili, kwaruza kitako mahali pale sanamu itakaposimama.
Tatu, paka uji wa udongo pande zote mbili.
Nne, bana sanamu juu ya kitako na uizungushe kidogo.
Tano, laini mahali pa kuungana kwa kidole chenye maji.

Sasa igeuze. Bonyeza katikati ya kitako kwa kidole gumba, ili pawe na shimo dogo lisilo na kina. Kwa njia hii kitako kitakaa juu ya ukingo wake kama sahani. Hakitayumba.

Miguu myembamba huvunjika. Kwa mwanamke, finyanga gauni au kanga mpaka chini, pana kama kengele. Kwa mwanamume, acha miguu ishikane. Kwa ng'ombe, fanya miguu minne mifupi na minene, kisha umweke juu ya kitako kirefu chenye umbo la yai.

Anika kivulini kwa siku kadhaa. Jua kali hupasua. Kabla ya kuchoma, weka sanamu shavuni. Ukisikia baridi, bado ina maji ndani. Ngoja. Sanamu yenye maji hupasuka motoni. Ikikauka kabisa, ichome pamoja na vyungu. Kama hamchomi vyungu kijijini, mnaweza kuitumia bila kuichoma. Lakini iwekeni mbali na maji.

(b) Kitako cha mbao

Kata tawi kavu kwa msumeno. Toa vipande vya mviringo vyenye unene wa sentimeta 1. Tawi liwe kavu. Tawi bichi hupasuka baadaye. Sugua kipande kwa msasa au juu ya jiwe la kunolea mpaka kiwe sawa.

Kitako cha mbao huhitaji kijiti cha kushikia. Sanamu ikiwa bado mbichi, itoboe chini kwa njiti ya kibiriti, kisha utoe njiti. Usiiache ndani. Udongo ukipungua, njiti itaupasua. Sanamu ikisha kukauka na kuchomwa, toboa kitako kwa msumari mwembamba. Kata kichwa cha njiti ya kibiriti. Ipake gundi, itie nusu katika sanamu na nusu katika kitako. Hapo sanamu imepata mzizi.

(c) Kitako cha kifuniko cha soda

Kifuniko cha chupa ya soda kina upana wa sentimeta 3 hivi. Kinamtosha mtu wa sentimeta 5. Toa kwanza plastiki iliyo ndani. Changanya gundi ya seremala na vumbi la mbao mpaka viwe kama ugali laini. Jaza kifuniko. Simamisha sanamu katikati. Ngoja mpaka kesho yake.

Vitako vya boksi je? Boksi hupatikana kwa urahisi, lakini lina tabia moja mbaya. Likipakwa gundi upande mmoja, hujikunja kama jani kavu. Ukilitumia, lipake pande zote mbili. Kisha liweke chini ya jiwe zito mpaka likauke.

ANGALIA: Usitumie risasi kuongeza uzito wa kitako. Wavuvi wengine hutumia risasi kuzamisha nyavu, na ndani ya betri kuu kuu za gari mna risasi pia. Risasi ni sumu. Moshi wake ni sumu, na mtoto akiitia mdomoni hudhurika akili na mwili. Ukitaka uzito, tumia jiwe dogo.

6. GUNDI NA RANGI

Gundi ya muhogo hutengenezwa nyumbani. Chukua kijiko 1 cha unga wa muhogo na vijiko 8 vya maji. Koroga unga katika maji kidogo ya baridi, usifanye madonge. Ongeza maji yaliyobaki. Pika kwa moto mdogo huku ukikoroga, mpaka iwe nzito na kuanza kung'aa. Iache ipoe.

Gundi hii inashika vizuri udongo, mbao na karatasi. Haishiki vizuri bati. Kwa kifuniko cha soda tumia gundi ya seremala. Tena, panya na wadudu hupenda gundi ya muhogo. Weka sanamu zako katika kopo lenye mfuniko.

Rangi nazo ziko karibu. Mkaa uliosagwa hutoa rangi nyeusi. Chokaa hutoa nyeupe. Udongo mwekundu hutoa nyekundu. Saga laini, chekecha kwa kitambaa, kisha changanya na gundi nyepesi. Rangi ya majani mabichi hupauka upesi. Kwa kijani na bluu ni afadhali kuomba masazo ya rangi kwa fundi anayepaka milango au mitumbwi.

7. KUPAMBA KITAKO

Sasa tunafika kazi ya pili, yaani kuonyesha mahali. Fuata utaratibu huu, wala usiuruke:

Kwanza mawe. Bandika kijiwe kimoja au viwili, ikiwa mahali pana mawe.

Pili mchanga. Paka gundi juu ya kitako, lakini usifunike miguu ya sanamu. Nyunyiza mchanga mkavu. Ngoja kidogo. Geuza na ugonge polepole ili mchanga usioshika uanguke. Ukisha kukauka, paka gundi nyepesi juu yake. Gundi hii ya pili ndiyo inayozuia mchanga usipukutike mikononi.

Tatu rangi. Paka rangi mchanga ukisha kukauka kabisa.

Nne majani. Majani huja mwisho, yasije yakachafuliwa na rangi. Kata nyuzi za katani fupi fupi, zifunge kama kichaka, uzichomeke katika tone la gundi. Hizo ni nyasi ndefu. Vumbi la mbao lililotiwa rangi ya kijani ni nyasi fupi. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa vizuri, ni udongo mzuri wa shamba.

Chagua kwa akili. Kitako cha mvuvi kiwe na mchanga wa ufukweni. Kitako cha mkulima wa pamba kiwe na udongo wa shamba. Kitako cha mtoto anayeoga kipakwe bluu, na pembeni pawe na matete. Mtu akiiona sanamu, ajue mahali ilipo bila kuambiwa.

Lakini usizidishe. Kitako chenye mawe mengi na majani mengi huificha sanamu. Tena huwa kizito upande mmoja, na sanamu huinama.

8. KUANDIKA JINA

Kazi ya tatu ni jina. Kata ukanda mwembamba wa karatasi nyeupe. Andika kwa herufi kubwa: MAMA WA NDOO. MVUVI. MTOTO. MWOSHA VYOMBO. MCHUNGAJI. Bandika ukanda huo mbele ya kitako. Chini ya kitako andika namba ya sanamu na jina la kijiji. Sanamu zikichanganyika na za darasa jingine, utazitambua.

Mwandikaji awe mwanakisomo, si mwalimu. Neno lililoandikwa na mwanakisomo na kusomwa na wenzake wote halisahauliki upesi.

9. SOMO LA KICHOCHO MEZANI

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu vijijini katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadili. Kisha walikwenda kufanya kazi, kama vile kuchimba vyoo. Utaratibu huo ulikuwa mzuri. Sisi tutaufuata, nazo sanamu zitatusaidia kuona.

Tia mchanga katika sanduku pana, lisilo na kina. Tandaza kitambaa cha bluu upande mmoja. Hilo ni ziwa. Weka mwalo, nyumba, vyoo, kisima na matete kama yalivyo kijijini kwenu. Kila mwanakisomo aweke nyumba yake mwenyewe. Kisha simamisha sanamu. Ongeza konokono wanne wa udongo. Usikusanye konokono wa kweli ziwani, maana kuingia majini kuwatafuta ni hatari.

Sasa sikiliza jinsi kichocho kinavyosafiri.

Mtu mwenye kichocho ana minyoo mwilini. Minyoo hiyo hutaga mayai. Mayai hutoka pamoja na kinyesi au mkojo. Mtu huyo akijisaidia ufukweni au kichakani karibu na maji, mvua hupeleka mayai ziwani. Weka kijiwe cheusi mahali hapo.

Majini mayai huanguliwa. Vijidudu vinavyotoka humo huingia katika konokono wa aina fulani. Sogeza kijiwe cheusi mpaka kwa konokono, penye matete.

Baada ya wiki kadhaa konokono hutoa vijidudu vingine vingi, vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinaogelea kutafuta mtu. Vikimpata, hupenya ngozi yake. Si lazima mtu awe na kidonda. Si lazima anywe maji. Inatosha aingie majini. Ndani ya mwili vijidudu hukua na kuwa minyoo, na safari huanza upya.

Ugonjwa huu hauui upesi kama kipindupindu. Hula polepole. Mtu huumwa tumbo. Huweza kutoa damu katika kinyesi au mkojo. Mtoto hudhoofika na kuchelewa kukua, na masomo humshinda. Miaka ikipita ini huharibika na tumbo hujaa. Mwisho wake huweza kuwa kifo. Ugonjwa huu ni wa siku nyingi katika fukwe zetu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ina kituo chake Mwanza, na kichocho ni moja ya magonjwa yanayochunguzwa hapo.

Sasa kazi ianze. Andaa vipande vya uzi mwekundu. Kila mwanakisomo ashike sanamu moja na kuitembeza kama mtu huyo anavyotembea tangu asubuhi hadi jioni. Mama wa ndoo anakwenda wapi kuchota? Je, anaingia majini mpaka magotini? Mwosha vyombo anakaa wapi? Mtoto anaogelea wapi akitoka shuleni? Kila sanamu inayogusa maji penye konokono, ifungwe uzi mwekundu kwenye kitako.

Mwalimu asishike sanamu. Mwenye kuijua njia ya kwenda mwaloni ni yule anayeipita kila siku.

Jioni hesabuni nyuzi. Andikeni ubaoni: watu wangapi, nyuzi ngapi. Hapo ndipo utaona faida ya kitako imara. Sanamu zimetembezwa huku na huku na watu ishirini, nazo zimesimama. Ingekuwa kila sanamu inaanguka ikiguswa, watu wangeshughulika kuziinua, na hakuna ambaye angehesabu nyuzi.

10. TEMBEZENI MARA YA PILI

Toeni nyuzi zote. Sasa badilisheni kijiji.

Jengeni choo kwa kila nyumba, na kimoja karibu na mwalo kwa ajili ya wavuvi na wageni. Kiwe juu, mbali na maji. Ondoeni vijiwe vyeusi ufukweni.

Wekeni ubao au jiwe kubwa mahali pa kuchotea, ili mama wa ndoo achote bila kuingia majini. Kama kijiji kina kisima au bomba, mpelekeni huko.

Maji ya kuoga na kufulia yakichotwa na kuwekwa siku mbili katika pipa lisilo na konokono, vile vijidudu hufa. Maji yaliyochemshwa pia ni salama, yakisha kupoa. Maji ya kunywa yachemshwe daima, kwa sababu yana magonjwa mengine pia.

Tembezeni tena kila sanamu. Fungeni nyuzi. Hesabuni. Nyuzi zitakuwa chache kuliko mara ya kwanza.

Lakini hazitakwisha. Mtazame mvuvi. Yeye husukuma mtumbwi na kuvuta nyavu. Hawezi kuacha kuingia majini, maana humo ndimo anamopata riziki. Kitako chake kitakuwa na uzi mwekundu hata mara ya pili. Je, tumwambie aache kazi? Hapana. Mvuvi aende zahanati apimwe na kupewa dawa. Dawa ya kichocho iko, inaitwa prazikwanteli. Huua minyoo iliyo mwilini. Lakini haimkingi mtu asipate mingine. Akirudi majini anaweza kuambukizwa tena, kwa hiyo apimwe mara kwa mara. Na kila mvuvi anayetumia choo anawalinda wenzake na watoto wake.

Watoto nao waende kumeza dawa zinapotolewa shuleni. Mzazi asiwafiche kwa hofu. Ni vizuri mtoto ale chakula kabla ya kumeza dawa, ili asisumbuke tumbo.

Ndugu msomaji, sanamu hazitaponya mtu. Choo cha udongo chenye urefu wa sentimeta 6 hakimsaidii yeyote. Lakini kilichopatanwa mezani na watu wote ni rahisi kufanywa kijijini na watu wote. Kabla ya kufunga darasa, chagueni jambo moja mlilolibadilisha mezani. Andikeni nani atalifanya na siku gani.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kitako kina kazi tatu: kusimamisha, kuonyesha mahali na kubeba jina.
2. Upana wa kitako uwe nusu ya urefu wa sanamu, au zaidi.
3. Sanamu ya udongo na kitako chake vifinyangwe siku moja, kwa udongo mmoja.
4. Kupamba kuna utaratibu: mawe, mchanga, rangi, majani.
5. Usitumie risasi.
6. Kichocho hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Choo, maji salama na dawa ndivyo vinavyokikatia njia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mwanamke mwenye ndoo kichwani ahitaji kitako kipana zaidi?
2. Sanamu ya mtu ina urefu wa sentimeta 8. Kitako chake kiwe na upana wa sentimeta ngapi?
3. Kwa nini majani hubandikwa mwisho?
4. Katika kijiji chenu, ni watu gani ambao wangepata uzi mwekundu? Kwa nini?
5. Mwalo wenu una choo? Kama hauna, kinaweza kujengwa wapi, na nani ajitolee kuanza?

KAZI YA KUFANYA

Tengeneza sanamu moja inayofanana na kazi unayoifanya wewe mwenyewe. Itengenezee kitako. Andika jina la kazi hiyo mbele ya kitako. Iweke mezani mbele ya wenzako, kisha uwaeleze siku yako tangu asubuhi hadi jioni, na kila mahali unapogusa maji ya ziwa.